Chembe Zilizobonyea

Kila Jumamosi Profesa alifagia uwanja, akaosha vyombo, kisha akamfuata shangazi yake kazini. Alikuwa binti wa miaka kumi na miwili tu. Wenzake walimpa jina hilo kwa sababu hakuna swali lililompita darasani. Shangazi alikuwa fundi wa hadubini, mashine ya kukuzia vitu visivyoonekana kwa macho.

Jumamosi hiyo Shangazi alimpa picha kumi na mbili za chembe za dhahabu. Zilikuwa ndogo ajabu: ungepanga elfu kadhaa kwenye mstari ndipo ufikie unene wa unywele mmoja. Profesa alitakiwa azichore kwenye bango, kwani Jumatatu angeliwakilisha darasa lake katika maonyesho ya sayansi.

Alichora kidogo, akasita. Chembe zilizokaa peke yake zilikuwa za mviringo. Zilizogusana zilibonyea pale zilipokutana, kama mashavu ya watoto wawili wanaochungulia dirisha moja. Nani kazibonyeza? Kwani dhahabu si metali, na metali si ngumu? Aligeuza picha juu chini, akafikicha macho. Lakini Profesa mzima aseme hajui? Akachukua kizibo cha soda, akazungushia penseli, akapata viduara safi vilivyogusana kwa nukta tu.

Shangazi alipoliona bango, na kizibo pembeni yake, alicheka.

"Mwanangu, tangu lini dhahabu yangu ikalingana na kizibo cha soda?"

Profesa aliinama, machozi yakimlengalenga. "Nilidhani picha zimeharibika. Sielewi, Shangazi. Kitu kigumu kinabonyeaje bila kubanwa?"

"Hata mimi mara ya kwanza nilizima mashine na kuiwasha mara tatu! Sikiliza. Vitu vikigusana huvutana. Kwa vijiko viwili huoni hilo, kwa kuwa ni vikubwa. Chembe hizi ni ndogo mno, sehemu yake kubwa ni ngozi ya juu tu. Zikigusana, huvutana mpaka zikabonyea zenyewe."

"Zenyewe?"

"Zenyewe. Bado giza?"

"Kidogo... aa, sana."

Hata hivyo alichora upya, safari hii akifuata picha.

Jumatatu jaji, mwalimu wa shule jirani, alikunja uso. "Binti, mbona zimebonyea? Mkono uliteleza?"

Profesa alitikisa kichwa. "Hapana, mwalimu. Ndivyo zilivyo. Zinavutana. Ila ugumu wake unaenda wapi, hilo sijaelewa."

Wenzake waliguna. Jaji aliomba picha, akazilinganisha na bango moja baada ya nyingine, zote kumi na mbili.

"Umechora ulichokiona," alisema. "Swali lako hata mimi limenishinda. Bango hili linasonga mbele."

Jioni Profesa alimweleza Shangazi yote, pamoja na ile aibu ya kusema hajui.

"Kutoelewa si aibu, mwanangu," Shangazi alimjibu. "Ungechora unachokijua, wangekuelewa wote, na wote mngekuwa mmedanganyika."