Mpigaji wa Alhamisi

Duka la vitambaa lilikuwa limefurika, na katikati ya msongamano ule fundi makochi alijikuta ameshika ncha moja ya jora la mahameli ya kijani. Ncha ya pili ilikuwa mikononi mwa binti aliyevaa gauni la njano na raba nyeupe. Jora lilikuwa limebaki na mita tisa. Fundi alitaka nane za kochi la mteja, binti alitaka tano za mapazia.

"Kaka, mimi ndiye niliyetangulia."

"Umetangulia kuona, dada. Kushika nimeshika mimi."

"Haya, tubishane kiungwana. Anza wewe, una dakika mbili."

"Dakika mbili za nini?"

"Kazini kwetu ndivyo tunavyowapa watu."

Kumbe binti alikuwa akifanya kazi redioni, kupokea simu za wasikilizaji kabla hawajaingia hewani. Walibishana karibu nusu saa bila mmoja kumpandishia mwenzake sauti, mpaka muuzaji akachoka akawakatia mwenyewe. Binti akaondoka na mita tano, fundi akaondoka na nne pamoja na namba ya simu ya binti. Mteja alitengenezewa kochi la kahawia, akaambiwa ndiyo fasheni. Tangu siku hiyo fundi alimwita binti yule Mita.

Miezi minane baadaye walikuwa wameshapata vyumba viwili vya kuanzia maisha, wakawa wanavutana tu kuhusu rangi ya ukuta. Ilibaki Jumamosi, siku ambayo fundi angekwenda kujitambulisha kwa mama mkubwa wa Mita, dada wa marehemu mama yake. Mama huyo ndiye aliyemlea Mita tangu akiwa na miaka mitatu. Yeye mwenyewe hakujaaliwa kuzaa, na fundi alilijua hilo. Mita alikuwa amemweleza mapema kabisa, tena kwa machozi.

Alhamisi asubuhi ya wiki hiyo redio iliwaalika wagombea wawili wa udiwani. Mmoja wao, mwanamke, mwalimu mstaafu ambaye mtaa mzima ulijua hana mtoto, alisema karakana zote zilizo kando ya barabara zihamishwe. Karakana ya fundi ilikuwa mojawapo. Fundi akaweka nyundo chini, akapiga simu.

"Wewe! Leo unanipigia simu ya kazini?" Mita alinong'ona.

"Leo mimi ni mwananchi, mpenzi. Nina hoja."

"Hoja gani? Lazima niiandike."

"Karakana za barabarani."

"Utakuwa na adabu?"

"Lini umeniona sina?"

Mita akacheka, akamvusha mbele ya wapigaji watatu waliokuwa wakisubiri.

Fundi alianza vizuri. Wenzake sita walikuwa wamemzunguka, simu iko kwenye spika, nao wanaitikia kila neno. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza kwa utulivu: "Ndugu yangu, unajua mwaka jana ni watu wangapi waligongwa na magari pale kwenu, kwa kuwa njia ya waenda kwa miguu imejaa makochi?"

Hakujua. Jibu lilikuwa rahisi, aseme tu kwamba hajui. Lakini mmoja wa wenzake aliguna kwa kicheko, na fundi akahisi masikio yanawaka moto.

"Wewe mwenyewe hata mtoto hujazaa," akasema. "Utajua wapi uchungu wa kulisha familia?"

Karakana ikalipuka kwa shangwe. Mtu alipiga mbao kwa nyundo, mwingine akamrukia mgongoni. Kisha laini ikakatika.

Haikupita nusu saa, Mita akapiga.

"Fundi, umesema nini?"

"Si siasa tu, mpenzi? Kule watu hurushiana maneno, yanaisha."

"Mama mkubwa alikuwa anasikiliza. Kila Alhamisi anafungulia redio dukani kwake kwa sababu mimi niko kazini, ingawa sauti yangu haijasikika hata siku moja. Leo ameizima."

Fundi akatoka nje ya karakana, simu sikioni.

"Na mkuu wa kipindi ameuliza ni nani aliyempitisha yule mtu. Nimesema ni mimi. Kwamba ni mchumba wangu, nimeona aibu kusema. Jumamosi usije."

Mchana kutwa wenzake walimwita Mheshimiwa, wakamgonga mabega, na kila alipoitwa hivyo alitamani ardhi ipasuke immeze. Hakuwa hata na chuki na yule mwalimu. Alikuwa ameshindwa hoja mbele ya watu, akaokota lililokuwa karibu akalirusha. Tena alilijua linavyouma, kwa kuwa Mita alishamwonyesha machozi yake.

Ijumaa alikwenda kwenye duka dogo la fotokopi la mama mkubwa. Alipanga foleni nyuma ya wanafunzi wawili, kofia mkononi, mpaka zamu yake ikafika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Mama hakuinua macho kutoka kwenye mashine. "Sauti hii naijua."

"Nimekuja kukuomba radhi. Sikukulenga wewe, mama."

"Najua hukunilenga. Mimi lilinipitia tu. Uliyemlenga umeshamwomba radhi?"

Fundi akatikisa kichwa kukataa. Tangu jana alikuwa amemuwaza Mita, akamuwaza mama mkubwa, akaiwaza Jumamosi na vile vyumba viwili. Yule mwalimu hakumjia akilini hata mara moja.

"Basi umenijia mimi kwa sababu unataka kuoa," mama alisema kwa upole, na upole ule ulimchoma fundi kuliko matusi. "Nenda, baba. Wateja wananisubiri."

Jumamosi ilipita bila yeye. Jumapili alipiga simu ya Mita mara mbili, haikupokelewa, akaacha. Alhamisi wagombea waliporudi hewani, fundi alisimama palepale karakanani, wenzake wakiwepo, simu kwenye spika kama mara ya kwanza.

"Jina na hoja yako," Mita alisema kama mtu asiyemjua.

"Fundi makochi. Hoja yangu ni kuomba radhi."

"Kuna wapigaji wanne mbele yako. Subiri."

Akasubiri. Zamu yake ilifika kipindi kikiwa kinakaribia kwisha.

"Mwalimu, wiki iliyopita uliniuliza swali, sikuwa na jibu, nikakutukana. Kuzaa kwako au kutozaa hakunihusu, wala hakuhusiani na barabara. Nisamehe."

"Ametuaibisha huyu," mmoja wa wenzake alinung'unika, akatoka nje.

"Nimekusikia," mwalimu alijibu. "Siwezi kukuambia kwamba halikuniuma, maana liliniuma. Sasa niambie, mkihama, wateja watawapataje? Hilo hukulifikia."

Fundi akaeleza, mwalimu akapinga, fundi akapinga tena. Hawakukubaliana hata kwa jambo moja. Mtangazaji akawashukuru wote wawili, kipindi kikaisha.

Siku hiyo Mita hakupiga. Ujumbe wake uliingia kesho yake mchana: "Mama mkubwa anasema uje kesho saa nne. Mimi bado nina hasira. Vaa shati lenye vifungo vyote."

Alifika saa nne kasoro dakika chache. Mama mkubwa alikuwa amekaa sebuleni, Mita kando yake katika gauni la buluu, uso ameuelekeza dirishani. Fundi alisalimia, kisha hakujua ayaweke wapi macho yake. Hakuna aliyemwambia akae.

"Haya, kijana," mama mkubwa alisema. "Umekuja kumposa mtoto wa nani?"

Fundi alikuwa amejiandalia maneno mengi mazuri. Yote yalimkimbia. Mita akageuka, akamtazama kwa mara ya kwanza, na fundi akaona kwamba macho yake yamejaa machozi.

"Mtoto wako, mama," alisema akiangalia sakafu.

"Sijasikia."

Fundi akainua uso, aibu yake yote ikiwa wazi mbele yao, akamtazama mama machoni.

"Nimekuja kumposa mtoto wako, mama."

Mama mkubwa akavuta kiti.

"Kaa," alimwambia.