Usingizi wa Mdogo Wake

Fundi mito alikuwa anafunga karakana jioni hiyo, sufi imemganda nywelini kama kawaida yake, wifi yake alipoingia na mto kwapani. Ulikuwa mto wa mumewe, yaani mdogo wake fundi, dereva wa lori. Ulikuwa umechoka, bapa kabisa. Wifi alieleza huku anacheka kwamba bwana huyo akishaweka kichwa tu, hata nyumba ikibebwa hana habari. Akaomba mto uwe tayari kesho.

Fundi alicheka pia, ila roho ilimuuma. Usingizi ulimhama tangu mwaka jana. Alikuwa ameambiwa yote: aache chai ya jioni, aweke simu mbali, azime taa mapema, asisinzie mchana. Alitii kila neno, na bado alikodolea macho dari mpaka majogoo.

Marehemu mama yao, aliyemfundisha kazi, alikuwa na sharti moja. Sufi ya kichwa kimoja irudi kwa kichwa hichohicho, yote. Ikipungua, ongeza mpya. Ikizidi, ichome kabla ya giza. Alipoulizwa kwa nini, mama aliendelea kushona.

Fundi aliufumua mto. Sufi ilitoka na uvuguvugu, kana kwamba kichwa kimeinuka pale sasa hivi. Ilinukia mafuta ya nywele ya mdogo wake. Akachota konzi moja. Moja tu... nani atajua? Akaisokomeza kwenye mto wake mwenyewe, na pengo la mdogo wake akaliziba kwa sufi mpya.

Usiku huo alilala fofofo.

Haikupita muda uso ukamnawiri, wateja wakawa wanamuuliza siri. Akawajibu ni maziwa ya moto. Kisha wifi akaja, safari hii hana kicheko. Mumewe halali. Anazungukazunguka ndani usiku kucha, halafu alfajiri anapanda lori.

"Wifi, naogopa," alisema. "Ataua watu barabarani, au ajiue mwenyewe."

Maneno yalimfika fundi kooni. Angeweza kuyasema. Badala yake akamshauri ampe mumewe maziwa ya moto. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka, lakini giza lilipoingia aliulalia mto uleule, na akalala vizuri.

Siku chache baadaye, jua linazama, alisikia harufu ya dizeli. Mdogo wake alikuwa amesimama mlangoni mwa karakana, mto wake mkononi. Hakusalimia. Macho yalikuwa mekundu, midomo imepasuka.

"Dada, siku hizi unalala vizuri."

"Namshukuru Mungu."

"Najua. Huwa nakaa pembeni ya kitanda chako, nakutazama."

Fundi alirudi nyuma hatua moja. Mlango wake una komeo, na kila jioni analiangalia mara mbili.

"Lakini mimi nafunga mlango," alinong'ona.

"Ndiyo. Nakuta umefunga." Akasogea karibu. "Unakoroma kama mimi, dada."

Fundi alilia. Alikimbilia chumbani kwake nyuma ya karakana, akaleta mto wake, akaufumua mbele yake ili amrudishie kilicho chake. Hapo mikono ikamgoma. Nyeupe juu ya nyeupe... ipi yake, ipi ya mdogo wake? Mwishowe aliishindilia yote ndani ya mto wa mdogo wake, kila unyuzi, akashona na kumwambia aende nyumbani akalale. Hakukiri. Alisema tu kwamba amemwongezea sufi.

Mdogo wake akalala.

Asubuhi hakuamka. Jioni hakuamka. Madaktari walikuja, wakapima, wakasema moyo ni mzima na wao hawaelewi. Kila walipouvuta mto, pumzi yake ilikatika, ikawabidi waurudishe haraka. Fundi alielewa, au alidhani ameelewa: mdogo wake alikuwa analala usingizi wake pamoja na wa dada yake, wote uliokuwa umelimbikizana mle. Dawa ni kuitenganisha sufi.

Basi akahamia pembeni ya kitanda cha mdogo wake na beseni. Alifumua mshono kidogo, akawa anavuta sufi kipande kwa kipande na kunusa. Ya kwake kwenye beseni, ya mdogo wake irudi ndani. Wifi alimwambia kwa machozi kwamba hakuna dada duniani kama yeye. Fundi aliinamisha kichwa. Kila neno la shukrani lilimchoma.

Jioni ya kwanza alivuta vipande viwili, kope zikawa nzito...

Aliamka alfajiri. Kichwa chake kilikuwa juu ya mto ule, shavu karibu na shavu la mdogo wake. Wifi alikuwa amemfunika shuka. Mwili ulikuwa mwepesi, amepumzika kuliko siku zote za maisha yake. Mdogo wake alikuwa amebonyea mashavu, na pumzi zake zilikuja mojamoja.

Jioni iliyofuata ikawa hivyohivyo. Na iliyofuata.

Jana wifi alimshika mkono mlangoni, akamsihi usiku huo aende kwake akapumzike. Amwonyeshe tu namna ya kuchambua, atachambua yeye. Fundi alikataa haraka mno, mpaka akajishtukia mwenyewe. Aliingia, akavua viatu. Kifua cha mdogo wake kilikuwa kinapanda kwa shida.

"Nisamehe," alimnong'oneza.

Kisha akakisukuma kile kichwa pembeni, taratibu, apate nafasi ya kuweka cha kwake.