Inchi Mbili Pungufu

Kofi la kwanza sikuliona limetokea wapi.

La pili nililiona linakuja, lakini ningefanyaje? Nilikuwa nimepiga magoti kwenye pindo la gauni la mteja mwingine, pini nne mdomoni!

"Umemwambia nani?!"

Nikatema pini. Nikainua uso. Alikuwa Mwalimu.

Jamani, nyie hamumjui Mwalimu. Ni mpole wa kuomba radhi hata akikanyagwa yeye. Siku hiyo alinizaba makofi mbele ya wateja watatu waliokodoa macho.

"Mwalimu, nimemwambia nani nini?"

Akashusha sauti. Ile sauti iliniuma kuliko makofi yote mawili.

"Kifua changu, Fundi. Umemwambia nani?"



Ngoja niwarudishe nyuma kidogo ndugu zangu, msije mkanihukumu haraka. Mtanihukumu baadaye, haki yenu ipo.

Mimi ni fundi wa magauni ya harusi. Nina chumba kimoja, vyerehani viwili, kioo kirefu na pazia. Nyuma ya lile pazia nimeona mengi. Makovu ya upasuaji, michirizi, mimba za miezi miwili ambazo bwana harusi mwenyewe hajaambiwa! Marehemu mama ndiye aliyenifundisha kazi, na alikuwa akisema fundi nguo awe kaburi. Nimekuwa kaburi miaka yote.

Mwalimu alikuja kwangu ana miaka arobaini na moja, anaolewa kwa mara ya kwanza. Nyuma ya pazia akafungua blauzi, akanionyesha. Titi la kushoto halikuwepo. Lilitolewa hospitalini, kwa ule ugonjwa ambao wote tunaujua na hatupendi kuutaja.

"Anajua mchumba wangu, anajua daktari, na sasa wewe," akaniambia. "Ukweni nitawaambia mwenyewe, siku nikiwa tayari."

"Mwalimu, hili limeingia kaburini."

Nilisema hivyo. Kwa mdomo wangu huu huu!

Nikaandika kwenye daftari, chini ya jina lake na namba yake ya simu: *kushoto jaza sponji, shona ndani kwa mkono.* Daftari likaingia kabatini, ufunguo ukabaki kiunoni kwangu.

Sasa siku moja kabla ya yale makofi, Mwalimu alikuwa jikoni kwa mama mkwe wake mtarajiwa. Mikono yote iko kwenye unga, wanakanda, wanacheka. Simu ikaita. Akamwomba mama mkwe aibonyeze na aweke sauti ya juu.

"Habari bibi harusi! Hapa ni kwa Madam Shela, magauni ya kisasa. Vipimo vyako ninavyo tayari, huna haja ya kuvuliwa nguo tena. Na kwa lile tatizo lako la upande wa kushoto, nina sponji nzuri kuliko hiyo ya fundi wako..."

Mama mkwe akaacha kukanda.

Mnaelewa sasa kwa nini nilipigwa?

Huyo Madam Shela nilikuwa nalisikia jina lake miezi mitatu, kila siku anatangaza mtandaoni. Wateja wangu watano walishahamia kwake bila hata kuniaga. Lakini siri ya Mwalimu? Ameipata wapi?

Chumbani kwangu anaingia mtu mmoja tu zaidi yangu. Mzee Pasi. Tuko naye miaka tisa, yeye na pasi yake kwenye kona yake.

"Ni wewe!" nikamwambia hata kabla machozi hayajakauka.

"Fundi, miaka tisa hii umewahi kunisikia nikimtaja mteja hata kwa utani?"

"Toka!"

Alivua aproni yake, akainyoosha mezani, akaipiga pasi vizuri, akaikunja, akaondoka.

Wiki mbili baadaye mlango ukagongwa. Ni mmoja wa wale watano, amebeba gauni la Madam Shela kwenye mfuko, uso umemshuka kwa aibu.

"Fundi, nisamehe. Nirekebishie hili, naolewa Jumamosi."

Akalivaa. Loo! Bega linaporomoka, kiuno kinapwaya, mikono inafunika vidole. Nikachukua tepu ya kukopa kwa jirani, maana yangu ina kilema chake, nikapima. Kiuno kimezidi inchi mbili. Bega inchi mbili. Mkono inchi mbili. Kifua inchi mbili.

"Alikupima nani?"

"Hakunipima. Alisema vipimo vyangu anavyo."

Nikakaa chini sakafuni, na makorokoro yangu yote mapajani.

Kwa nini nikakaa? Kwa sababu tepu yangu mimi ni ya mama, na haina inchi mbili za mwanzo. Ziliungua. Nikaikata nikainyoosha, nikaendelea nayo kwa sababu ni ya mama. Inaanzia kwenye mbili. Kila namba kwenye daftari langu imezidi inchi mbili, ila kwa kuwa nakatia kitambaa kwa tepu hiyo hiyo, nguo zangu zinakaa sawasawa.

Na nani aliyeziunguza hizo inchi mbili? Mzee Pasi! Kwa pasi yake, wiki yake ya kwanza kazini! Alinilipia kwa kuniomba msamaha mwezi mzima. Angekuwa yeye ndiye mwizi, angepunguza mbili.

Mwizi alikuwa mtu anayesoma daftari langu lakini hajawahi kuishika tepu yangu.

Na mtu wa hivyo alikuwepo...

Kwa sababu daftari lilikuwa na nakala. Miaka mitatu nyuma, mdogo wangu wa tumbo moja alikuja kunitembelea, kapendeza na nguo zake za ofisini.

"Dada, kweli karne hii unatunza kazi zako kwenye daftari? Likiungua je? Piga picha kila ukurasa, zinapanda zenyewe mawinguni. Hata simu ikiibwa, vitu vyako vipo."

"Mawinguni kwa nani?"

Akacheka. "Huko huko, Dada. Niachie mimi."

Akafungua akaunti. Namba ya kurejeshea akaunti akaweka yake, eti mimi nasahau. Neno la siri akachagua yeye. Mimi nikapiga makofi, nina mdogo msomi! Tangu siku hiyo kila ukurasa mpya nikawa naupiga picha.

Mwenye gauni linalopwaya akanielekeza duka lilipo. Ghorofani, juu ya duka la dawa. Nikapanda ngazi, nikasukuma mlango bila hodi.

Mezani kuna kompyuta. Kwenye kioo cha kompyuta kuna mwandiko wangu. Nyuma ya meza, tepu mpya ya njano shingoni, amekaa mdogo wangu.

"Karibu sana, bibi ha..." Akakwama. "Dada."

"Shela ni wewe?"

Akageuza kompyuta pembeni.

"Si ulisema nyuzi za cherehani zinachafua nguo za ofisini?"

"Ofisini walinipunguza, Dada. Miezi minane sasa."

"Kwa nini hukuniambia?!"

"Nikuambie wewe?" Akasimama. "Wewe? Kila mgeni akija, 'huyu nimemsomesha kwa cherehani.' Harusini, msibani, kila mahali! Nimechoka kuwa gauni lako la maonyesho!"

Iliniingia. Siwadanganyi, iliniingia kwa sababu ni kweli.

"Sawa. Mimi nimekukosea. Na Mwalimu, alikukosea nini?"

Akainamisha kichwa. "Sikujua kama simu iko sauti ya juu."

"Aah! Kwa hiyo ingekuwa sikioni ingekuwa halali?"

Nikashuka ngazi nikilia, watu wa duka la dawa wakadhani nimefiwa. Na kweli nilijiona nimefiwa.

Nikaenda moja kwa moja kwa Mzee Pasi, nikamwomba msamaha mbele ya wajukuu wake.

"Aproni yangu iko wapi?" akauliza.

"Pale pale ulipoiacha."

"Itakuwa imekunjamana. Kesho nakuja."

Basi nikapata nguvu. Nikasema sasa twende kwa Mwalimu nikasafishe jina langu. Nikamvizia shuleni wakati wa mapumziko. Anasahihisha madaftari, kalamu nyekundu mkononi. Nikamwaga kila kitu: tepu, Shela, mawinguni, mdogo wangu. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Umemaliza, Fundi?"

"Nimemaliza. Umeona? Si mimi! Ni mdogo wangu aliyekusaliti."

Akafunika kalamu yake.

"Mdogo wako simjui. Sijawahi kumvulia nguo. Yeye kakusaliti wewe." Akaniangalia. "Ulipoupiga picha ukurasa wangu, uliniuliza?"

Nikainamia madaftari yake.

"Ulijua unaupeleka wapi?"

Ningesema nini, mawinguni?

"Mimi nilimwambia mtu mmoja tu, Fundi. Nilikuambia wewe."

Kengele ikalia. Akabeba madaftari yake, akaingia darasani.

Ndugu zangu, Mwalimu ameolewa. Mchumba wake alisimama naye kiume, na mama mkwe, nasikia, alilia naye jikoni pale pale. Lakini siku yake ya kuwaambia, aliyokuwa anajiandalia mwenyewe, ilishaibwa.

Kwa hiyo wewe unayesoma hapa, hebu nenda leo kaangalie. Akaunti yako ilifunguliwa na nani? Namba ya nani iko pale? Mpwa? Mume? Fundi simu wa kona ile? Kama hujui, basi umefunga mlango na ufunguo umeuacha kwa mtu. Na kama humo ndani kuna siri ya mwenzako, cheti chake, picha yake, kilio chake, ulimuuliza kabla hujaipandisha?

Picha zote nimezifuta. Mdogo wangu ananiapia kwamba na yeye amefuta zake.

Gauni la Mwalimu bado linaning'inia nyuma ya pazia, sponji imeshashonwa ndani kwa mkono. Hajaja kulichukua.