Mkono Uliopaka Rangi

Vumbi la mbao lilianza kuonekana ndani ya bakuli la sukari, siku ya Jumatatu. Mama akaulaumu upepo. Jumanne likaonekana juu ya shuka za mwanawe wa pili, vumbi jipya, lenye unyevu, linalonuka utomvu, ilhali dirisha la chumba kile lilikuwa limefungwa tangu jana yake. Mama alilikung'uta nje huku akinung'unika kwamba wanawe wanaingia ndani na nguo za kazi kama watu wasiolelewa.

Mwanawe wa kwanza aliyasikia yote hayo akiwa ameinama kufunga viatu. Yeye alijua vumbi lile linatoka kwenye mti gani.

Kazini walimwita Kamba, kwa sababu kwa miaka minane kazi yake ilikuwa hiyo: mti unapokatwa, yeye husimama mbali na kamba mkononi, akiuvuta uangukie unakotakiwa. Mdogo wake walimwita Cheti. Huyo alikuwa na miezi miwili tu tangu aripoti na cheti chake cha ukataji miti, kipya, amekitia kwenye mfuko wa plastiki kisilowe. Ndugu hawa walikwenda mafunzoni pamoja, wakalala chumba kimoja, wakafanya mtihani siku moja mbele ya mtahini yuleyule. Mdogo akafaulu. Mkubwa akafeli, tena kwa kosa la kitoto: alisahau kufunga breki ya mnyororo, ile inayouzuia msumeno usikate. Basi msumeno wa injini, ambao kikosi chao kilikuwa nao mmoja tu, akapewa aliyezaliwa nyuma.

Tuseme ukweli, kijana hakuringa, na hilo ndilo lililomchoma Kamba. Angeringa, angalau angempa sababu ya kumchukia. Badala yake alikuwa akimuuliza mbele ya watu, "Kaka, wewe huu unauonaje, utaegemea wapi?" Watu wakasifu adabu yake. Mama naye nyumbani akawa anampakulia yeye kwanza, eti mkataji amechoka, kana kwamba anayevuta kamba kutwa nzima anacheza. Kamba alikula akiwa na wivu kooni, na kila siku tonge lilizidi kuwa gumu.

Kwenye shamba lao la misonobari, sheria ya rangi ilikuwa fupi. Msalaba mwekundu, mti unakatwa. Duara jeupe kulizunguka shina, mti hauguswi. Aliyepaka ni msimamizi peke yake, na aliyembebea kopo ni Kamba, mtu aliyemwamini kuliko wote. Pembezoni kabisa mwa shamba kulikuwa na mti mmoja wa kale, mweusi wa gome, ambao duara lake jeupe lilipakwa upya kila mwaka. Hakuna aliyepumzika chini ya mti huo. Walisema una mwenyewe, wakaishia hapo, na aliyetaka kujua zaidi aliambiwa ashike kazi.

Alhamisi moja, wenzake walipoondoka, Kamba alibaki nyuma na kopo. Akalikwangua duara jeupe upande wa mbele, kisha akachora msalaba mwekundu. Hakutaka mdogo wake afe, tusimsingizie. Alitaka afukuzwe, maana kukata mti wa duara jeupe ni kufukuzwa siku hiyohiyo, na msumeno ungebaki bila mwenyewe.

Kesho yake Cheti aliuzunguka mti kama alivyofundishwa.

"Kaka, huku nyuma mbona kuna nyeupe?"

"Ya zamani hiyo. Msimamizi amebadilisha, nilikuwa naye."

Kijana akaridhika. Akaugonga mti kwa kisogo cha shoka mara tatu, akatega sikio kwenye gome. Ndiyo desturi ya wakataji: mti mzima hujibu kwa sauti nzito, uliooza ndani hulia kama debe tupu. Mti ule ulikaa kimya kidogo. Kisha ukagongwa kwa ndani, mara tatu, polepole.

"Kaka," Cheti alinong'ona, "umesikia?"

Kamba alisikia. Vinyweleo vilimsimama mpaka shingoni. Neno moja lingetosha, acha, na bado alikuwa na muda wa kulisema.

"Mwangwi tu," akasema. "Endelea."

Mti ulianguka bila kishindo. Ulijilaza taratibu, kama mtu aliyekubali kuhama, na upepo wa baridi ukawapita miguuni ukielekea upande wa nyumbani kwao.

Msimamizi alikuja juu, akitaka kujua nani amekata. Kamba alisubiri mdogo wake amtaje, naye amruke hadharani. Cheti hakumtaja mtu. "Nimekosea mimi, mkuu, niliiona nyeupe nikaipuuza." Msimamizi, kwa kuupenda ukweli wake, akampa onyo tu, akamwachia msumeno wake. Kamba aliondoka pale akitamani kulia kwa hasira. Hata kufukuzwa, mtoto huyu amekataa!

Jumatatu ndipo vumbi lilipoanza.

Jumatano mchana, siku isiyokuwa na ukataji, mama akiwa peke yake nyumbani, msumeno uliohifadhiwa kwao ulinguruma ndani ya stoo. Alipofungua aliukuta umetulia, tangi limekauka, na mnyororo una moto. Alhamisi mikono ya Cheti ikaanza kutetemeka, kwanza vidole, kisha mpaka mabegani, akashindwa hata kushika kikombe. Siku hiyohiyo msalaba mwekundu ukaonekana kwenye mlango wa chumba chake, mbichi, unatiririka.

"Jamani, nani kapaka mlango?" Mama aliuliza kwa sauti ya chini, kama anayeogopa kujibiwa.

Kamba akachukua kitambaa na mafuta ya taa, akaufuta haraka. Mama akamshika bega. "Angalau nina wewe, mwanangu." Yalikuwa maneno aliyoyasubiri miezi miwili mizima, na yalimchoma kama pilipili kwenye jicho.

Ijumaa msalaba ulikuwa kwenye kabati. Akaufuta. Jumamosi ulikuwa kwenye ubao wa kitanda, juu kidogo ya kichwa cha mgonjwa, na Kamba alipokuwa akiusugua alisikia ukuta ukigongwa kwa ndani, mara tatu, akahamia upande wa pili na ule mlio nao ukahamia huko, akasimama katikati ya chumba akijiambia ni panya, ni bomba, ni jirani, huku harufu ya mti uliokatwa sasa hivi ikipanda kutoka sakafuni, ikimjaa puani na mdomoni, na mdogo wake, amefumba macho, akisema kwa sauti isiyokuwa yake, sauti kavu ya gome linalobanduka, "Nani aliniambia nihame?"

Mganga aliitwa Jumapili. Alikuwa mama wa makamo mwenye miwani ya kusomea, na kabla ya kuanza alizima simu yake. Aliuweka msumeno kizingitini, akachovya kitambaa cheupe kwenye bakuli la maji, akamsikiliza mgonjwa akipumua.

"Huyu hana kosa," akasema. "Yeye ni kama huu msumeno, alitumika tu. Aliyekuwa mle mtini alipakwa alama, akaambiwa ahame. Anautafuta mkono uliopaka. Na kuna mtu amekuwa akizifuta alama zake bila kusema neno. Hivyo ni kumsogeza karibu."

Akanyoosha kitambaa.

"Aliyepaka akichukue, aseme, afute kwa mkono wake. Nitamwombea, na yataisha leo. Asiposema, nitamtoa kwa kijana, hilo naliweza. Lakini huko atakakokwenda sitakujua."

Kitambaa kilining'inia kikidondosha maji. Mama alitazama dari. Cheti alimtazama kaka yake, si kwa kumshuku, bali kama mtoto anayemtafuta mkubwa wake kwenye giza.

Sasa, Kamba alikuwa na habari ambayo hakuna mwingine aliyekuwa nayo. Msimamizi alikuwa amemwambia: mtahini anakuja Jumatatu, msumeno hauna mtu, jaribu tena bahati yako. Akikishika kitambaa kile, hakuna msimamizi atakayemwita tena, na mama hatampakulia tena, si kwanza wala mwisho. Aliitazama mikono ya mdogo wake ikirukaruka juu ya shuka. Roho ilimuuma, kweli ilimuuma. Akairudisha mikono yake mwenyewe mifukoni.

Mganga alisubiri, kisha akauweka mkono wake juu ya kifua cha mgonjwa na kusema maneno ambayo hawakuyaelewa. Dirisha likafunguka. Harufu ya utomvu ikatoka yote. Cheti akashusha pumzi, akaomba maji, na kikombe akakishika mwenyewe.

Mlangoni mganga alivua miwani. "Mgonjwa mpeni muda wa kupona," akamwambia mama.

Jumatatu asubuhi Kamba alisimama mbele ya msonobari wa mtihani, kofia ngumu kichwani, msumeno mkononi. Breki ya mnyororo aliifunga, akaikagua mara mbili. Mtahini alikuwa na daftari lake. Cheti, bado dhaifu, alikuwa amekataa kulala nyumbani siku kubwa ya kaka yake, akaomba ashike kamba yeye, na sasa alikuwa amesimama nyuma akitabasamu.

Kamba aliuzunguka mti. Akagonga kwa kisogo cha shoka mara tatu, akatega sikio kwenye gome. Mti ulikuwa mzima.

Kisha akagongwa. Mara tatu, polepole, si ndani ya mti, ndani ya mbavu zake.

Aligeuka kwa mdogo wake. "Umesikia?"

"Mwangwi tu, kaka," Cheti akasema kwa upole wote. "Endelea."

Kamba akaugeukia mti, maana mtahini alikuwa ameshanyoosha mkono kumruhusu.

"Ila kaka," sauti ya mdogo wake ikamfuata, sasa ina wasiwasi, "nani kakuchora msalaba mwekundu mgongoni?"

Kamba hakuwa amegusa chochote. Breki ikajifungua yenyewe, na msumeno ukawaka mikononi mwake.