Kiti cha Dirishani

Kila siku baada ya shule Chiriku alivua sare, akala kilichokuwepo, akanawa mikono mpaka viwikoni, kisha akaingia chumba cha mbele kufuta vumbi kwenye kompyuta. Hilo la kunawa lilikuwa amri ya mama yake. Mama alikuwa mchapaji. Watu walimletea barua na ripoti zilizoandikwa kwa mwandiko wa kuku aliyekimbizwa, naye akazitoa zikiwa zimenyooka kama shati lililopigwa pasi. Hakutaka kuona alama ya mafuta hata kwenye herufi moja. "Kompyuta haina tumbo," alizoea kusema, "kwa hiyo msiilishe."

Jina hasa la binti huyu lilijulikana na walimu tu. Wengine wote walimwita Chiriku, kwa kuwa mdomo wake haukujua siku ya mapumziko.

Chumba kile kilikuwa na kompyuta tatu kuukuu. Moja ilikuwa ya Mama, karibu na mlango. Mbili zilikuwa za wanaojifunza, na kwa muda mrefu Chiriku alizihesabu zote mbili kuwa zake. Ndipo mama mdogo alipokwenda kusomea uuguzi, akamleta binti yake akae nao. Alikuwa msichana wa rika la Chiriku, mpole, mwenye mwendo wa mtu aliyebeba trei ya mayai. Haikuchukua wiki nyumba nzima ikawa inamwita Taratibu.

Chiriku alimpokea kwa kicheko. Meno yalicheka, roho haikucheka.

Siku ya kwanza tu palizuka suala la viti. Kimoja kilikuwa kimelipa mgongo dirisha kubwa la barabarani, na aliyekaa hapo alionekana na kila mpita njia. Cha pili kilikuwa pembeni, nyuma ya kabati la makaratasi, mahali ambapo hata mbu alipita kwa kupapasa.

"Mimi dirishani!" Chiriku aliwahi, mwenzake hata begi hajaliweka chini.

"Una hakika?" Mama akamuuliza.

"Hakika kabisa. Mgeni atazoea popote."

"Huyu si mgeni. Ni ndugu yako."

"Basi ndugu yangu atazoea popote."

Taratibu alilitazama dirisha mara moja. Alikwenda pembeni, akaketi. Siku iliyofuata Mama alirudi kutoka dukani na taa ndogo ya mezani, yenye shingo ya kukunjika na kofia ya bati la kijani, akamwekea. "Pale pana giza, mwanangu," alimwambia.

Neno "mwanangu" lilimwingia Chiriku kama mwiba wa samaki kooni. Haliendi chini, halirudi juu.

"Na mimi taa yangu iko wapi, Mama?"

"Wewe una jua zima mgongoni, unataka taa ya nini?"

Chiriku akarudi kitini pake. Lakini toka siku hiyo, kila taa ile ilipowaka, na kwake kitu kiliwaka kifuani.

Haukupita muda, Mwalimu Mkuu akaja na bahasha nene yenye hadithi. Shule ilitaka kutoa kitabu cha hadithi za wanafunzi, na kazi ya kukichapa alimpa Mama, kwa sharti moja. "Ningependa kichapwe na mwanafunzi," alisema, "na jina lake litakaa kwenye jalada. Hawa wako wawili nimesikia habari zao. Kila mmoja anichapie ukurasa huu mmoja, nakala mbili hizi hapa, niwaone. Na wewe mama, usiusome wala usiurekebishe. Nataka kazi yao, siyo yako."

Jalada! Chiriku alishaliona jina lake pale, herufi nene. Vidole vyake vilikuwa vyepesi kuliko vya Taratibu, hilo hata Mama alikubali. Tatizo lilikuwa jua.

Saa za alasiri jua liliteremka mpaka likaingia dirishani, likampita Chiriku begani, likatua juu ya skrini. Maandishi yakapauka, yakapotea. Badala yake aliona uso wake mwenyewe, paa la nyumba ya ng'ambo na mawingu mawili. Alikunja macho, akainamisha shingo huku, akaipinda kule, akawa kama kuku anayenusa mvua.

Fundi baiskeli alipita barabarani, akachungulia juu ya bega lake. "Ehe, katibu wetu! Unaandika nini hapo? Mbona mimi naona meno yangu tu? Alaa, kumbe nina mapengo mengi hivi!"

"Pita zako, fundi!" Chiriku akamjibu, naye fundi akaenda zake akicheka.

Jioni kichwa kilimgonga kama mtu anapiga misumari juu ya bati. Mama alimtazama. "Macho yako yamekuwa mekundu. Kuna nini?"

"Vumbi tu."

Angesema nini? Kwamba kiti alichokipigania kinamchoma? Taratibu ampishe pale pembeni, kisha amcheke? Bora macho yatoke. Naye kule nyuma ya kabati Taratibu alichapa polepole, ta, ta, ta, bila kukunja uso, taa ya kijani ikimwangazia karatasi. Kila ta ilimgusa Chiriku kama kidole kinachomdonoa. Ndipo alipojishawishi kwamba Taratibu hana lolote. Uhodari wote uko kwenye ile taa.

Siku ya kuchapa ukurasa, Mama alitoka kuwapelekea wateja kazi zao. Taratibu alikuwa ameshafika katikati ya ukurasa. Chiriku alikuwa kwenye mistari ya mwanzo, na jua ndilo hilo limeingia. Akasimama, akaenda pembeni.

"Mama amesema leo ni zamu yangu ya taa."

Taratibu aliinua uso. "Lakini nimefika katikati."

"Bishana na Mama, siyo mimi."

Taratibu aliitazama taa, akamtazama ndugu yake. Kisha akaichomoa, akaukunja waya vizuri usije ukaburutika, akampa kwa mikono miwili. Ile mikono miwili ilimuuma Chiriku kidogo, lakini alijikaza.

Akaiweka taa kando ya kompyuta, akainyanyua shingo, akaielekeza kwenye skrini moja kwa moja, kama polisi anayemhoji mwizi. Akawasha. Salaale! Alikuwa na jua moja, sasa ana majua mawili. Katikati ya skrini palitokea doa jeupe lililomeza maneno yote. Kuirudisha taa hakutaka, maana angemwambia nini mwenzake? Akachapa kwa kukisia, jicho likitoka kwenye karatasi kwenda kwenye doa, likitoka kwenye doa kurudi kwenye karatasi. Mstari mzima ukamponyoka, wala hakuuona ukiondoka.

Kule pembeni giza lilimfunika Taratibu, skrini tu ikimwakia usoni. Karatasi hakuiona vizuri, akawa anaileta karibu na pua. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa kiganja, akaendelea.

Mama aliporudi, taa ilikuwa mahali pake. Kurasa mbili zilikuwa ndani ya bahasha iliyofungwa, tayari kupelekwa shuleni asubuhi.

Kesho yake alasiri Mwalimu Mkuu alipiga hodi. Hakuketi. Alivaa miwani yake, akatoa karatasi kwenye ile bahasha ya hadithi.

"Mama mchapaji, nina swali dogo la mapishi. Nisikilize. 'Bibi alimpokea mgeni kwa furaha, akamtia chumvi, akambandika jikoni.'"

Mama alijibana midomo mpaka mabega yakatikisika.

"Hii ni ya Chiriku. Mtoto aliyeandika hadithi anasema bibi yake alimkalisha mgeni kitini, kisha akamchinja jogoo. Jogoo ndiye aliyetiwa chumvi. Hapa jogoo amepona, mgeni ndiye ameliwa. Bibi mwenyewe akiyasoma haya, nitajificha wapi mimi?" Akageuza karatasi ya pili. "Na hii ya mwenzake, nusu ya juu safi kama maji ya mtungi. Nusu ya chini makosa yamejaa, sijui ni mvua ilinyesha! Nasikitika, mama. Kazi hii itabidi niipeleke kwingine."

Kicheko cha Mama kilikatika. Aliichukua karatasi ya Taratibu, akaitazama juu, akaitazama chini. "Hapa katikati kulitokea nini? Hukuwasha taa yako?"

Taratibu alishangaa. "Mama mkubwa, si ulisema ilikuwa zamu ya Chiriku?"

"Mimi? Nilisema lini?"

Macho ya Taratibu yakashuka sakafuni, wala hayakumtazama Chiriku hata kidogo.

Chiriku aliiona njia ya kutorokea. Ingetosha aseme kwamba Taratibu alisikia vibaya. Mtoto mpole yule asingebishana. Lakini Mwalimu Mkuu alikuwa ameshaifunga bahasha, na mkono wa Mama, ule uliokuwa ukichapa tangu asubuhi mpaka jioni, ulikuwa umeshika ukingo wa meza.

"Nilisema uongo," Chiriku akasema. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo. "Mama hakusema kitu. Niliichukua taa kwa sababu nilimwonea gere."

"Gere ya taa?" Mama akauliza.

"Ya taa. Na ya unavyomwita mwanangu. Unamwita kwa ile sauti."

"Sauti ipi?"

"Ile yangu."

Mwalimu Mkuu alivua miwani, akaanza kuifuta ingawa haikuwa na vumbi. Mama aliuachia ukingo wa meza.

"Sauti hiyo haiishi ukiigawa," akasema mwisho. "Lakini kwanza mgeukie mwenzako."

Chiriku akamgeukia. "Nisamehe. Nilikutia gizani makusudi."

"Nimekusamehe," Taratibu akajibu. Kisha, akiwa bado anatazama sakafu, "Hata mimi nilikuonea gere. Wewe mama yako yupo kila siku. Na lile dirisha nililitaka."

"Lichukue! Leo hii! Lichukue na jua lake!"

"Sasa silitaki," akasema Taratibu, na hapo hata Mwalimu Mkuu alicheka.

"Nitapita kesho," Mwalimu Mkuu akasema mlangoni. "Ukurasa ule ule. Ukiwa safi, bahasha hii itarudi."

Mama hakupoteza muda. Alizima skrini zote mbili. "Chiriku, kaa kitini pako. Skrini imekufa, haina neno. Unaona nini ndani yake?"

"Dirisha. Paa la ng'ambo. Na mimi."

"Hao ndio wezi wako. Chochote kinachong'aa kwenye skrini iliyozimwa ndicho kinachokuibia macho ikiwaka. Sasa shikeni meza."

Wakaisukuma wote watatu, kabati likasogezwa, mpaka dirisha likawa ubavuni, si mgongoni wala mbele ya uso. Mama akatundika kitambaa chepesi cheupe, jua likaingia limepoa kama chai iliyomiminwa kwenye sahani. Taa ya kijani akaiweka upande wa pili, akaiinamisha shingo.

"Kaa tena. Balbu unaiona?"

"Siioni. Naona mwanga wake tu juu ya karatasi."

"Ndivyo inavyotakiwa. Taa ya mezani ni ya karatasi. Usiielekeze kwenye skrini, wala usiache ikutazame machoni. Washa na taa ya darini, usikae gizani na skrini inawaka peke yake." Kisha akapunguza mwanga wa skrini kidogo kidogo, akiilinganisha na karatasi nyeupe iliyokuwa kando, mpaka vyote viwili vikafanana. "Na kila mara inueni macho mtazame mbali. Macho nayo yanataka kutembea."

"Mama, ulijua haya yote, mbona ukaniacha?"

"Nilikuuliza, ukaniambia vumbi. Na mimi nikaridhika na vumbi. Hapo nami nimekosa."

Meza ilikuwa imebaki na nafasi moja nzuri tu kwa siku hiyo. "Mmoja asome, mmoja achape," Mama akasema. "Amueni."

Chiriku aliitazama ile nusu ya ukurasa iliyokuwa safi. Akaisogeza mbele ya Taratibu. "Achape yeye. Mimi nina mdomo, nitasoma."

Kesho yake Mwalimu Mkuu alisoma ukurasa kwa kidole, mstari kwa mstari. Mgeni aliketi, jogoo akapikwa. Akaiweka bahasha mezani. "Taratibu atachapa. Chiriku atasoma na kukagua makosa. Majina yote mawili yatakaa kwenye jalada, la mchapaji kwanza."

Alipoondoka, Mama alimtazama binti yake. "Limekuchoma hilo la 'kwanza'?"

"Kidogo."

"Afadhali umesema. Sikilizeni, nyote wawili. Taa njema ukiielekeza vibaya inakupofusha. Jicho lako nalo ni hivyo. Ukishinda unammulika mwenzako, amepewa nini, ameitwaje, kazi yako mwenyewe huioni, na kichwa kinakuuma bure. Limulike lililo mbele yako. Na pakikuchoma sema mapema, kabla hujamtia mtu chumvi."

Chiriku akavuta kiti chake karibu na cha ndugu yake. Alitoa hadithi ya pili kwenye bahasha, akasoma sentensi ya kwanza kwa sauti, kisha akanyamaza, akangoja vidole vya Taratibu vifike kwenye nukta. Katika kazi zote za siku ile, kwa Chiriku, kunyamaza huko ndiko kulikokuwa kugumu kuliko zote, na alikuweza.