Kuni za Apolonia

"Kaa hapo hapo, Apolonia! Huinuki mpaka huipil iishe."

"Baba, mimi Hilarioni simtaki!"

"Watu wake wamekuja mara tatu. Mara ya tatu nimekunywa glasi yao. Unataka nikaitapike?"

Mjukuu wangu alikuwa sakafuni, kitambaa kimefungwa kwenye nguzo ya nyumba, na mkanda wa ngozi wa kuvutia nyuzi umemzunguka kiunoni. Alikuwa anafuma huipil, gauni la harusi yake mwenyewe, na harusi ilikuwa Jumamosi. Mimi nilikuwa pembeni nikisokota pamba ya kahawia. Kwetu Xochistlahuaca, baba akishakunywa glasi ya posa, neno limetoka.

Baba yake, mwanangu, alipotoka, Apolonia akachomoa simu chini ya nyuzi.

"Bibi, Irineo ameandika."

"Soma."

"'Nisamehe, Polonia. Nimekukosea.' Basi. Nimempigia mara sita, hapokei."

"Amekukosea nini?"

"Sijui, bibi. Labda kapata mwingine." Machozi yakadondokea kichwa cha tai aliyekuwa anamfuma.

"Usinilowanishie pamba," nikamwambia. "Ngoja nikuwekee chapati."

Nikachukua ukuni kwenye rundo aliloleta Hilarioni. Bwana harusi kwetu hukata kuni za ukweni kwa mikono yake, rundo lifike dirishani. Bila kuni hizo, glasi ni pombe tu. Nikautazama ukuni. Nikachukua wa pili, wa tatu. Zote alama ya panga imeingia kutoka upande wa kushoto.

Hilarioni hutumia mkono wa kulia. Wa kushoto namjua mmoja, aliyetufyekea shamba la mahindi mwaka jana.

"Polonia, mwandikie huyo mtu wako. Mwambie bibi anasema: kesho wakija wageni, na wewe uje. Na panga lako."

Kesho yake wakwe watarajiwa wakaja na bata mzinga, mikate na chokoleti. Hilarioni alivaa kofia mpya.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Jiko linazimika. Hebu nipasulie ukuni mmoja."

"Mimi? Na shati hili?"

"Shati livue. Si ulikata rundo zima?"

Akacheka. Akapiga panga, likateleza. Akapiga tena, likakwama. Akaukanyaga ukuni akalivuta, kofia ikaanguka. Shangazi zake wakaangalia chini.

"Kuni zenu ngumu, bibi!"

"Zetu? Si wewe uliyezileta?"

Irineo akaingia uani. Akashika panga kwa mkono wa kushoto, pa! Ukuni ukawa vipande viwili, alama ileile.

Baba yake Apolonia akasimama. "Wewe! Ndiye uliyekata hizi?"

"Ndiyo, mzee. Hilarioni aliniambia ni za jiko la mama yake, anaumwa."

"Mama yangu haumwi!" dada mdogo wa Hilarioni akaropoka. Akafinywa.

"Nimejua juzi kwamba ni za posa," Irineo akasema. "Nimemjengea Polonia kifungo kwa mkono wangu. Ningepokeaje simu yake?"

Hilarioni akaokota kofia. "Kuni ni kuni tu!"

"Kwa nani?" mwanangu akamuuliza. Akabeba bata mzinga, akamrudishia baba yake Hilarioni mikononi. "Samahani, ndugu yangu. Nilikunywa kwa kuni ambazo kijana wako hakuzikata."

Walipoondoka, Irineo akajikohoza. "Mzee... basi hilo rundo ni langu?"

"Lako? Lile umelikata kwa jina la mtu. Kaanze upya. Na mimi sijanywa kitu chochote, usicheke."

"Sicheki, mzee."

"Unacheka!"

Ndani, Apolonia bado alikuwa amefungwa kwenye nguzo, shingo ameinyoosha kama kuku ili asikie vizuri.

"Bibi, njoo unifungue mkanda, nimuone japo mgongo wake."

"Mikono unayo, mwanangu. Kifungo kiko kiunoni kwako siku zote."

Akanitazama. Akakifungua. Huipil ikalegea ikaanguka sakafuni, na yeye alikuwa ameshafika mlangoni.