Jina la Mwenye Boma

Jumamosi hiyo sikutaka kwenda Kibirichia. Wiki nzima nilikuwa juu ya mapaa ya watu hapa Meru mjini nikivuta nyaya, mgongo umekufa ganzi, na kazi hii ya intaneti, ukiniuliza mimi, ni ya watu wasio na mifupa. Lakini Koome tumekua naye. Siku hizi anafundisha shule huko Ishiara, na mama yake, Cicily, anayeishi peke yake Kibirichia, alikuwa ameanguka jikoni mara mbili. Koome alitaka niweke kamera, amwone kwenye simu kila akimaliza kipindi. Ningekataaje?

Kamera niliziweka kwa nusu saa. Ikabaki ruta, kile kisanduku cha intaneti. Ruta ni kama askari wa geti, mtu wa nje humfukuza. Ukitaka mtu aingie akiwa mbali, unafungua mlango mmoja wenye namba yake, unaiambia ruta, atakayebisha hapa mpeleke kwa kamera. Na huo mlango lazima uupe jina. Wengine huandika "kamera", basi.

"Niandike nini hapa, Mama Koome?" nilimwuliza, kumchangamsha tu.

"Andika Mutwiri. Hii ni boma ya Mutwiri."

Mutwiri ni mumewe. Tulimzika nyuma ya stoo ya viazi, mwaka wa nne sasa. Lakini kwetu boma haibadilishi jina eti mwenyewe amekufa. Ukimwambia mtu wa bodaboda akupeleke kwa Cicily, atakuuliza Cicily gani. Nikaandika Mutwiri. Nilikuwa nimechoka, nataka kurudi nyumbani.

Jumanne saa saba mchana Koome akanipigia. Aliongea chini chini, kama mtu aliye kanisani.

"Kendi, kuna mgeni kwa mama?"

"Nitajuaje? Mimi niko kazini."

"Amemimina chai vikombe viwili. Anaongea. Upande wa pili sioni mtu."

Nilimwambia wazee huongea peke yao, hata mimi naelekea huko. Hakucheka. Alisema kikombe cha pili kimepungua.

Jumatano nikapanda tena Kibirichia. Mama Koome alikuwa mzima, amejifunga leso mpya, anamenya viazi vya kutosha watu wawili. Sikuuliza. Nilifungua kompyuta. Ile ruta huandika kila anayeingia na anwani alikotoka. Koome alikuwa ameingia mara sita, kutoka Ishiara. Kulikuwa na mwingine. Aliingia mara moja tu, Jumamosi, dakika ile niliyoandika jina. Hakuwa ametoka. Mahali pa anwani palikuwa patupu.

Miaka kumi na moja nafanya kazi hii. Hakuna anwani tupu. Kila mtu hutoka mahali.

Niliogopa, sitaficha. Nikampigia Koome, nikamweleza.

"Funga," alinong'ona. "Funga kabisa. Ijumaa nakuja mwenyewe."

Nikaufuta mlango. Picha ikapotea kwenye simu yake.

Mama Koome alikuwa amesimama nyuma yangu. Sikuwa nimesikia akija.

"Umemfungia nje," alisema polepole. "Na mvua inakuja."

Mvua ilikuja kweli, ikanyesha mpaka asubuhi. Alhamisi mpeleka maziwa alimkuta Mama Koome getini, amelala kwenye matope, mkono mmoja bado umeshika komeo. Alikuwa baridi. Geti lilikuwa wazi. Alikuwa ametoka kufungua. Na Koome hakuona kitu, kwa sababu nilikuwa nimemfungia hata yeye.

Kutoka getini mpaka jikoni kulikuwa na alama za viatu vikubwa vya mvua. Ziliingia. Hazikutoka.

Tulimzika kando ya mumewe wiki iliyofuata. Siku hiyo Kibirichia yote haikuwa na stima, tangu alfajiri mpaka jioni. Iliporudi, watu walikuwa wameenda. Koome alikuwa jikoni, macho mekundu.

"Hebu angalia kama kweli ulifunga," aliniambia.

Niliangalia. Mutwiri hakuwepo. Lakini kulikuwa na mlango mwingine ambao sikuufungua mimi. Jina lake Cicily. Uliwekwa saa nane na dakika kumi mchana, tukiwa kaburini tunatupa udongo, ruta haina stima. Na haukuelekea kwenye kamera. Ulielekea kwenye simu ya Koome.

"Nifute?" nilinong'ona.

Aliitazama simu mkononi mwake.

"Ulimfuta baba," alisema. Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka tu kama mimi. "Akatoka mama kumfungulia. Ukimfuta mama, atatoka nani?"

Nilifunga kompyuta, nikaondoka. Huo mlango uko mpaka leo. Koome aliacha kazi Ishiara, akarudi kuishi pale kwao. Juzi nilipita kumjulia hali saa ya chakula cha mchana. Alikuwa peke yake mezani, na alikuwa amemimina vikombe vitatu.